Somo la Ufugaji: Kuku wa Nyumbani Wawe Mradi

Katika parishi yetu ya Kibakwe ni nyumba chache sana ambazo hazijapata kuwa na kuku. Jogoo ndiye hutuamsha alfajiri kwenda shambani. Mgeni akifika, kuku ndiye humkaribisha. Mtoto akiugua, kuku ndiye hukamatwa ili ipatikane nauli na fedha ya dawa. Na wakati wa sadaka ya mavuno yeye hufungwa miguu, akapelekwa kanisani na kunadiwa nje baada ya ibada. Hata hivyo, ukimwuliza mwenye nyumba, "Je, wewe unafuga kuku?" atakujibu, "La, nina vijikuku tu vya kujiokotea."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Tunataka kuona namna ambavyo hao "vijikuku tu" waweza kuwa mradi mdogo wa nyumbani, wa kuongeza pato pale ambapo mtama, mahindi, karanga au alizeti havikutosha. Hatusemi mtu aache jembe. Twasema kazi hii iende pamoja na jembe.

Neno kuu la somo letu ni hili: mwenye kuku watano hana haja ya kwanza ya kununua kuku wengine. Haja yake ya kwanza ni kuwazuia wale alio nao wasife ovyo. Kuku wa nyumbani ni kibubu cha maskini, lakini kibubu chetu kina tundu chini. Tukitia fedha zaidi kabla ya kuziba tundu, tutapoteza zaidi.

1. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Fulani. Mwezi wa Januari ana mitetea 5 na jogoo 1. Mtetea wa kienyeji akiachwa atage, aatamie na kulea mwenyewe, aweza kutotoa kama mara 3 kwa mwaka. Tuseme kila mara ameatamia mayai 12, wakapatikana vifaranga 9. Basi mitetea 5, mara 3, kwa vifaranga 9, ni vifaranga 135. Ukijumlisha na wale 6 wa mwanzo, jumla ni 141.

Mwezi wa Desemba Mama Fulani anahesabu kuku wake jioni wanapoingia ndani. Wako 8. Anakumbuka kwamba katika mwaka mzima walioliwa, waliouzwa, waliotolewa sadaka na waliopewa wageni hawazidi 15. Kumi na tano na nane ni 23. Je, wale 118 wamekwenda wapi?

Huu ni mfano tu, lakini kila mmoja wetu ajaribu hesabu hiyo nyumbani kwake. Ataona kwamba wengi huchukuliwa wangali vifaranga: na mwewe, nguchiro, kicheche, baridi, njaa, au kukanyagwa. Kisha wale waliopona wakakua, hupigwa na mdondo kwa juma moja, na banda likabaki tupu.

Sasa, kama katika hao 118 wangeokolewa 40 tu, wakauzwa kwa Sh. 15,000 kila mmoja, Mama Fulani angepata Sh. 600,000. Hakununua hata mtetea mmoja wa ziada. Ameziba tundu tu.

2. MDONDO, ADUI WA KWANZA

Ugonjwa huu wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, na duniani unaitwa kwa jina la mji huo. Hapa kwetu mara nyingi huja wakati wa kiangazi, hasa miezi ile ya mwisho kabla ya mvua. Kuku huacha kula, hujikunyata, huhema kwa shida na kuhara kinyesi cha kijani. Wengine hupooza miguu na mabawa, au shingo ikapinda. Kisha hufa wengi kwa siku chache.

Yatupasa kusema wazi: mdondo hauna dawa. Shubiri, pilipili, majivu na vidonge vya binadamu havimponyi kuku mwenye mdondo. Wapo wanaosema, "Mimi niliwapa pilipili, wakapona wawili." Hao wawili wangepona hata bila pilipili. Kinga iliyopo ni chanjo, nayo hutolewa kwa kuku wazima kabla ugonjwa haujaingia. Ukimchanja kuku aliyekwisha ugua umechelewa.

Zamani chanjo ilikuwa shida vijijini kwa sababu ilitaka kukaa katika baridi tangu kiwandani hadi ilipomfikia kuku. Wataalamu wa Australia walitafuta mbegu ya chanjo inayostahimili joto zaidi, wakaipata. Chanjo hiyo huitwa I-2, nayo imekuwa ikitengenezwa hapa hapa Tanzania. Kustahimili joto si kusema iachwe juani. Ifungwe katika kitambaa chenye maji, iwekwe kivulini, na maagizo yaliyoandikwa juu ya chupa yafuatwe.

Namna ya kuchanja ni rahisi. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa au kifaranga, dozi ni ile ile. Mshike mpaka apepese jicho na tone liingie. Baada ya miezi 4 rudia. Kwa hiyo mwaka una chanjo 3, na miezi inayokumbukwa kwa urahisi ni Januari, Mei na Septemba. Chanjo ya Septemba isikose kabisa, maana ndiyo huwakinga kuku katika miezi mibaya. Chanjo huhitaji kama majuma mawili kufanya kazi yake mwilini, basi tusingoje kusikia kwamba kijiji cha jirani kuku wanakufa.

Hapa pana jambo ambalo mtu hawezi kulifanya peke yake. Chupa moja ya chanjo hutosha mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Mwenye kuku 10 akiinunua peke yake atamwaga karibu yote. Lakini nyumba 20 za mtaa mmoja zikichanga, kila nyumba hutoa fedha kidogo sana, na kuku wote huchanjwa siku moja. Tena kuchanja kwa pamoja kuna faida nyingine: kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye huleta ugonjwa uani kwako. Kila mtaa wa parishi ungeweza kuchagua watu wawili wa kujifunza kazi hii kwa Afisa Mifugo wa kata. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa kienyeji wamo. Tumwulize Afisa wetu utaratibu ulivyo.

Wachanjeni kuku alfajiri kabla hawajafunguliwa, au jioni wakiisha kulala. Ukianza kuwafukuza mchana utachoka wewe na wao.

Magonjwa mengine yapo, kama ndui ya kuku, ambayo nayo ina chanjo yake ya kuchoma katika bawa. Kuhara damu kwa vifaranga, kunakoletwa na unyevu na uchafu wa banda. Na minyoo, chawa na utitiri. Haya yote hupungua sana banda likiwa kavu na safi. Kuku wakifa wengi ghafla, wasiliwe, wasiuzwe, wasitupiwe mbwa. Wazikwe katika shimo refu au wachomwe, na Afisa Mifugo apewe habari upesi.

3. VIFARANGA, MAHALI PA HASARA KUBWA

Wengi wetu tumezoea kumwacha mtetea atembee na vifaranga wake tangu siku ya kwanza. Asubuhi hutoka nao 9, jioni hurudi nao 7, kesho 5. Hatuoni uchungu, kwa kuwa kifaranga ni kidogo. Lakini kila kifaranga ni kuku mzima aliye njiani.

Kwa majuma 4 ya kwanza, mama na vifaranga wafungiwe. Si lazima uwe na wavu wa dukani. Tenga kubwa lililofunikwa, au kizimba cha fito kilichosukwa vizuri, chatosha. Kiwekwe mahali pakavu, pasipo upepo, na chini patandazwe majani makavu au maranda ya mbao, yabadilishwe yakilowa. Maji yawekwe katika chombo cha kina kifupi, na vijiwe ndani yake ili vifaranga wasizame. Miezi ya baridi, Juni na Julai, upepo wa vilima vyetu huua vifaranga wengi usiku. Basi kizimba kiingizwe ndani.

Baada ya majuma hayo 4, kama hakuna baridi kali, mama aweza kutengwa. Vifaranga waendelee kulelewa kizimbani mpaka wapate nguvu, na mama arudi kwa jogoo. Akiachwa kulea miezi mitatu, muda huo wote hatagi. Akitengwa mapema na kulishwa vizuri hutaga upesi zaidi, na kwa mwaka aweza kuongeza uzao mmoja au zaidi.

Liko pia jambo la kuwaatamisha mitetea siku moja. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mwachie mayai mawili matatu ya kumshikilia, huku ukiyaweka mayai mazuri mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Wenzake wawili wakianza nao kuatamia, ondoa yale ya kumshikilia, uwape wote mayai mazuri jioni moja. Yasiwe yamekaa zaidi ya majuma mawili. Siku ya 21 wote hutotoa pamoja. Vifaranga wa mitetea watatu waweza kupewa mmoja au wawili walee, na aliyebaki arudi kutaga. Tena vifaranga wa umri mmoja huchanjwa pamoja, hulishwa pamoja na kuuzwa pamoja. Mfanyabiashara wa kuku hapendi kuku mmoja mmoja. Hupenda kukuta 20 walio sawa.

4. BANDA NA CHAKULA

Nyumba zetu za tembe, watu na kuku walilala chini ya paa moja. Wazee walifanya hivyo kwa ajili ya wezi na wanyama, wala hawakukosea kuogopa. Lakini kuku wakizidi 10 yafaa wawe na banda lao, karibu na nyumba ili ukisikia kelele usiku utoke. Miti, udongo na nyasi zatosha. Banda liinuliwe kutoka chini, liwe na vijiti vya kulalia, madirisha ya hewa, na mlango wa mtu kuingia kufagia. Banda usiloweza kuingia hutalifagia kamwe. Mbolea utakayozoa humo ipeleke bustanini ikishaoza.

Kuku wa kienyeji hujitafutia, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini wakati wa kiangazi uani hapana kitu. Jioni wapewe mtama, uwele, au pumba. Majani mabichi ya mlonge na mchicha ni mazuri. Watoto wetu wajua kutega mchwa kwa chungu kilichojazwa samadi na mabua makavu yaliyoloweshwa. Mchwa ni chakula bora cha vifaranga, wala hawauzwi dukani.

Kwa vifaranga wa kizimbani waweza kuchanganya makopo 6 ya mahindi au mtama ulioparazwa, makopo 3 ya mashudu ya alizeti yaliyochekechwa, na kopo 1 la dagaa waliotwangwa, pamoja na chumvi kidogo na unga kidogo wa mifupa iliyochomwa. Mashudu tunayo, kwa kuwa mkoa wetu ni wa alizeti.

Onyo moja. Mahindi au karanga zilizoota ukungu tusiwape kuku kwa kusema, "Haya hayafai kwa watu, basi tuwape kuku." Ukungu una sumu, nayo huitwa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Humdhuru kuku pia, hasa kifaranga.

5. KUKU MGENI

Wahenga walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Sisi hulitumia neno hilo kwa watu, lakini mfugaji alishike kama lilivyo. Kuku uliyemnunua mnadani, uliyepewa na shemeji, au uliyemnunua katika mnada wa sadaka, amekutana na kuku wa kila mahali. Huenda ana mdondo ambao haujaonekana. Usimwachilie siku hiyo hiyo kati ya kuku wako. Mfunge au mfungie mbali na wenzake majuma mawili, ale na kunywa katika vyombo vyake. Akiwa mzima, mchanje, ndipo umchanganye.

Vivyo hivyo kuku uliyempeleka sokoni akakosa mnunuzi, akirudi ni mgeni. Afungwe kamba.

Hapo pana jambo la dhamiri pia. Ugonjwa ukiingia, wengi wetu hukimbilia kuwauza upesi wale ambao bado wamesimama. Mnunuzi ni mama wa kijiji cha pili, ambaye naye atawachanganya na kuku wake. Tunajua tunachofanya, ila hatusemi. Hasara yangu sikuiondoa. Nimeihamishia kwa jirani yangu, na mwakani itarudi kwangu.

6. DAFTARI

Wafanyabiashara wa Kiswahili wana msemo: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tofauti kati ya kuwa na kuku na kuwa na mradi wa kuku ni daftari la kurasa chache na kalamu. Chora safu hizi: tarehe, mayai yaliyoatamiwa, vifaranga waliotoka, waliokufa, na sababu, walioliwa, waliouzwa, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Kila jioni ya Jumamosi keti dakika chache uandike. Mama asiyejua kuandika na amwombe mtoto wake wa shule; naye mtoto atajifunza hesabu isiyo ya kukariri.

Safu ya "sababu" isiachwe wazi. Baada ya miezi 6 utaona: mwewe 11, baridi 6, kukanyagwa 3. Hapo ndipo utajua kama fedha yako kidogo uipeleke kwenye kizimba au kwenye chakula. Bila daftari tunasema tu, "Kuku wangu hawana bahati."

Wagawe kuku wako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mbegu: mitetea wazuri 5 au 10 na jogoo mmoja, ambao hawauzwi kwa shida ndogo. Kila mwaka badilisha jogoo na mtu wa mbali, ili asipande binti zake. Fungu la pili ni la kuuza. Fungu la tatu ni la kula, na humo mayai ya watoto yamo. Haifai mama auze kila yai huku mtoto wake mdogo akila ugali na mlenda kila siku. Mradi unaomnyima mtoto yai haujatufaa kitu.

Na fedha ikiingia, ya kwanza kutengwa ni ya chanjo ijayo. Hiyo isiguswe.

7. KUUZA

Twauza kuku lini? Kwa kweli wengi wetu hatuuzi. Huuzishwa na shida. Januari shule zinafunguliwa, ghala zimepungua, na kila nyumba inakamata kuku. Mchuuzi mwenye pikipiki na tenga anajua hayo. Anakuta mama ameshika kuku mkononi na mtoto hana daftari la shule, naye hutaja bei aitakayo. Hatumlaumu sana, naye anatafuta riziki yake, ananunua mafuta ya pikipiki na wengine humfia njiani. Lakini sisi tuweza kumkuta tukiwa tumejiandaa.

Kwanza, tuhesabu kurudi nyuma. Bei huwa nzuri karibu na Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na sikukuu za Idi za ndugu zetu Waislamu. Kuku wa kienyeji huhitaji kama miezi 5 au 6 kufikia kuuzwa. Basi jogoo wa Krismasi hutotolewa Juni. Mwenye kutaka kuuza Desemba aanze kuatamisha Mei, awakinge vifaranga na baridi ya Juni, asikose chanjo ya Septemba, naye atauza Desemba. Fedha ya shule itapatikana kabla shule haijafunguliwa, na Januari wengine wakikimbia na kuku mkononi, yeye atakuwa ameketi.

Pili, tuuze pamoja. Nyumba 8 zikitoa kuku 5 kila moja ni kuku 40. Kwa kuku 40 mnunuzi atakuja mwenyewe, au mtu mmoja mwaminifu aweza kutumwa kuwapeleka Mpwapwa au Dodoma. Zamani tulisikia tu kwamba kuku wa Singida na Dodoma wanakwenda kuuzwa Dar es Salaam. Siku hizi soko limesogea. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma, na tangu mwaka 2016 wizara na watumishi walihamia huko kwa wingi. Watu hao hula, na wengi hupenda kuku wa kienyeji. Kabla ya kusafirisha kuku wengi, Afisa Mifugo aulizwe habari za kibali.

Tatu, tujue uzito. Mchuuzi hununua kwa macho, na macho yake yamezoea. Kikundi kikiwa na mzani mdogo mmoja, kila mwanachama atajua anachouza.

8. KUKU NI WA NANI?

Hili huwa halisemwi katika masomo ya ufugaji, lakini ndilo huvunja miradi mingi. Katika nyumba zetu nyingi kuku ni wa mama. Yeye ndiye huwafungulia asubuhi na kuwafungia jioni. Ng'ombe na mbuzi ni habari ya baba. Kuku wakiwa watatu, ni wa mama. Kuku wakifika hamsini, baba huanza kusema, "kuku wangu."

Mama akiona hivyo mara moja tu, moyo wake huvunjika. Hatakataa kwa maneno. Ataacha tu kuwaangalia sana, na kwa mwaka mmoja watarudi kuwa watatu. Baba atasema kuku hawana faida, kumbe yeye ndiye mwewe.

Basi kabla ya kuanza, mume na mke waketi. Wakubaliane nani ataandika daftari, nani ataamua kuuza, na fedha itafanya nini. Twashauri kwamba anayefungua mlango wa banda alfajiri ndiye awe na neno kubwa. Baba ana kazi yake ya heshima: kujenga banda imara, kubeba matenga, na kumlinda mama asidhulumiwe bei. Watoto nao wapewe mtetea mmoja mmoja wa kuangalia, na watakapouza vifaranga wake wapate haki yao. Mtoto aliyelea kuku mwaka mzima kisha akaona ameuzwa bila yeye kuambiwa, hutamfundisha tena kupenda kazi.

9. TUANZIE WAPI?

Wazee wetu walitusimulia habari za mashamba ya karanga ya Kongwa, jirani zetu. Serikali ya Uingereza iliyaanzisha mwaka 1947 kwa matrekta na mamilioni ya fedha, kabla ya kuujua vema udongo na mvua za nchi hii. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Waliokuwa na fedha nyingi na mashine walishindwa kwa sababu walianza na ukubwa, ndipo wakafuata kujifunza.

Tusifanye Kongwa ndogo katika nyua zetu. Yupo anayesikia habari za kuku chotara kama Kuroiler na Sasso, akakopa na kununua vifaranga 200. Kuku hao ni wazuri. Hukua upesi na kutaga zaidi. Lakini hutaka chakula kingi cha kununua, na mitetea yao mara chache huatamia, hivyo kila mara sharti ununue vifaranga tena. Asiyeweza kulea vifaranga 9 bila kupoteza 5, mikopo na vifaranga 200 vitamwumiza. Aanze na wale alio nao. Mwaka wa kwanza: chanjo 3, kizimba 1, daftari 1. Akiona wanapona, mwaka wa pili apanue banda. Mwaka wa tatu, kama soko lipo na chakula kipo, afikirie hao chotara.

Wataalamu hatuwakosi. Hapa wilayani kwetu, Mpwapwa, uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ulianza tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1905, na ng'ombe wa aina ya Mpwapwa walipatikana huko. Chuo cha mifugo kipo huko hata leo. Ni jambo la ajabu watu watoke nchi za mbali kuja kujifunza karibu nasi, na sisi tusiulize hata swali moja.

Ndugu wasomaji, jioni ya leo kuku wakiingia, wahesabuni. Andikeni hesabu hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe. Mradi umeanza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MITAA

1. Kila mmoja afanye hesabu ya Mama Fulani kwa nyumba yake. Mwaka jana kuku wangapi walipotea, na kwa sababu gani?

2. Mtaa wetu una nyumba ngapi zenye kuku? Tukichanga fedha ya chupa moja ya chanjo, kila nyumba itatoa kiasi gani? Nani watatumwa kujifunza kuchanja?

3. Je, ni haki kumwuzia mwingine kuku wakati ugonjwa umeingia uani kwangu? Tufanyeje mtu anapokuwa na shida ya fedha siku hiyo hiyo?

4. Kuku wanaonunuliwa katika mnada wa sadaka tuwaangalieje ili baraka ya Jumapili isiwe ugonjwa wa Jumatatu?

5. Katika nyumba yako, kuku ni wa nani? Mwulize mke wako au mume wako kabla ya kujibu.